Nilivyofua majoho meupe ya kwaya ya mke wangu yakatoka rangi ya chai

Wakuu, heshima kwenu wote.

Hili jambo nimekaa nalo miezi mitatu nikijiuliza nililete humu au nife nalo. Leo nimeshindwa kuvumilia.

Najua kuna watu humu uzi ukifika aya ya tatu tu wanaandika "chai", yaani uongo. Safari hii mtakuwa sahihi nusu. Stori ni ya kweli mwanzo mpaka mwisho, ila chai itakuwemo, na itakuwa ya rangi.

Kwa msionijua, mimi ni mtu wa Tunduma. Nauza spea za malori, na huu ni mwaka wa sita naishi Likasi, Kongo, upande wa Haut-Katanga. Nilioa hukohuko. Mke wangu wanamwita Mama Plamedi, kwa jina la binti yetu wa miaka minne, na mimi nikawa Papa Plamedi. Jina langu la cheti limebaki kwenye pasipoti tu.

Likasi ni mji wa shaba. Kiangazi vumbi lake ni jekundu na halina adabu. Ukitoka mtaani kwetu Shituru umevaa shati jeupe, ukifika mjini kola imeshabadilisha uraia.

Sasa cha ajabu, watu wa huku wanapenda nguo nyeupe kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Jumapili asubuhi ukisimama barabarani unaona familia nzima zimevaa nyeupe, wanatembea pembeni ya vumbi hilohilo, na hakuna doa. Miaka sita nimeangalia jambo hilo na sikuwahi kujiuliza linawezekanaje.

Sikujiuliza kwa sababu nilikuwa mwanaume wa kusema "kufua nayo ni kazi?" Nilishawahi kumwambia mke wangu hivyo usoni, tena akiwa ameinama kwenye beseni. Hakunijibu. Wakuu, mwanamke asipojibu kitu kama hicho, jua ameweka akiba.

Turudi kwenye mada.

Mke wangu ni mwimbaji kwenye kwaya ya akina mama kanisani kwao. Wako kumi na mmoja. Mwaka huu walijinyima wakanunua kitambaa, wakashona majoho meupe, marefu, mikono mipana. Wenyewe wanaita marobe. Yakatakiwa yakae kwa mtu mmoja wa kuyatunza, na mke wangu akachaguliwa.

Haikuwa rahisi. Kiongozi wa kwaya, ambaye kila mtu anamwita Mama Présidente, hakutaka. Alisema mbele ya wote kwamba majoho hayawezi kukaa kwa mke wa mgeni, siku moja yataamka yako ng'ambo ya mpaka. Mke wangu alirudi nyumbani siku hiyo hajala, lakini amepewa funguo za sanduku la majoho. Kwa hiyo mnaelewa. Yale hayakuwa majoho tu.

Sasa ikatokea mdogo wake aliyeko Lubumbashi akajifungua kwa upasuaji. Jumatatu mke wangu akamchukua Plamedi akapanda taxi-bus kwenda kumsaidia. Arudi Jumamosi. Jumapili inayofuata kanisani kulikuwa na wageni, kwaya kutoka Kolwezi na nyingine kutoka Lubumbashi, na majoho yalikuwa yameshavaliwa mara mbili, kola zimeanza kuwa kijivu.

Akataka kumwachia jirani afue. Mimi nikakataa. Nikamwambia niachie mimi.

Akasema, "Papa Plamedi, nyeupe haiko kama jeans yako ya garage."

Nikamwambia asafiri kwa amani.

Jumatano nikafunga duka mapema nikaanza kazi. Bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Lakini nyuma ya nyumba tuna pipa la chuma la kuhifadhi maji ya kumwagilia mboga. Limejaa. Maji ukiyaangalia kwa juu ni masafi tu.

Ndani ya lile pipa kuna kutu mpaka chini. Nililijua hilo. Mimi ni mtu wa vyuma, kutu ndiyo inayonilisha. Ila akili haikuunganisha kutu na nguo.

Nikachota, nikajaza beseni mbili kubwa. Nikamwaga javel, yale maji makali ya kung'arishia nguo, chupa nzima. Kwa hesabu yangu, kama kifuniko kimoja kinang'arisha, chupa nzima itatoa majoho ya malaika. Nikayalaza humo nikaenda kulala mwenyewe, na confidence yangu.

Alhamisi alfajiri nikaenda kufunua.

Wakuu.

Majoho yote kumi na moja yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tena haikukolea sawasawa. Mengine yalikuwa chai ya hotelini, mengine chai ya msibani ile yenye majani mengi. Kwenye mikunjo kulikuwa na michirizi ya rangi ya chungwa kabisa.

Nilikaa chini kwenye udongo. Nikawaza kwanza kwamba ni mwanga wa asubuhi unanidanganya. Nikasubiri jua lipande. Jua lilipopanda ikawa mbaya zaidi.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaenda kununua javel nyingine, nikaongeza.

Rangi ikakolea.

Saa sita mchana mke wangu akapiga simu. Nyuma yake nasikia kichanga kinalia.

"Marobe iko je?"

"Iko fresh."

"Ulifula?"

"Nimefua. Nyeupe peee."

"Nitumie kapicha basi, nione."

Nikamwambia network ya huku leo inasumbua, picha haziendi. Na hapo tulikuwa tunaongea kwa data, sauti yangu inafika safi kama niko chumba cha pili. Akasema tu, "Haya."

Nilipokata simu nikajisikia vibaya kuliko nilipofunua beseni. Kuharibu nguo ni bahati mbaya. Ule uongo niliutengeneza mwenyewe, kwa akili timamu, mchana kweupe.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Mtu mmoja kaandika ndimu inatoa kutu. Nikakimbilia sokoni nikanunua fungu zima la ndimu. Mama anayeuza akanipa pole, akafikiri nina kifua. Nikarudi, nikaanza kukamulia ndimu moja kwa moja kwenye lile beseni lenye javel.

Hapa naomba msome taratibu, hasa nyie mnaofua wenyewe.

Ndimu ya tatu tu ikatoka harufu iliyonikaba koo. Macho yakawaka. Nikaanza kukohoa kikohozi ambacho sijawahi kukohoa hata kwenye moshi wa malori. Na kwa ujinga wangu nikainama zaidi, nione kama nguo zimeanza kuwa nyeupe.

Nikasikia sauti juu ya ukuta, "Weye! Toka apo! Toka, unakufa!"

Ni Mama Zaina, jirani yetu. Familia yao ni Waislamu, asili yao ni Maniema, wana duka la maharage na unga hapo mtaani. Yule mama alizunguka ukuta na kuingia kwa geti letu kabla sijamaliza kukohoa. Akanivuta mkono mpaka kwenye upepo, akaniambia nikae, nisirudi pale mpaka harufu iishe.

"Javel na ndimu haichanganyiki, Papa Plamedi. Ile hewa inaua muntu. Nani alikufundisha?"

Nikanyoosha kidole kwenye simu.

Hapo ndipo akageuka akaona beseni. Akayaangalia majoho. Akaniangalia mimi. Akaweka mikono kichwani.

"Njo marobe ya kwaya, hii?"

"Ndiyo."

"Mama Plamedi anajua?"

Nikairudisha simu mfukoni. Akasema, "Mawa!" Yaani masikini wewe. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka na mimi, huku machozi ya javel yananitoka.

Sasa mume wa Mama Zaina, Papa Ramazani, ndiye mtu mwenye kanzu nyeupe kuliko zote Likasi. Sisemi hivi kumpamba. Ijumaa akitoka msikitini na kanzu ile, inabidi ukunje macho. Mtaa mzima tunamsifia Mama Zaina kwa usafi. Kwa hiyo nikamwomba anifundishe anavyofua zile kanzu.

Akaacha kucheka.

"Miye? Miye sifuli kanzu ya muntu. Tangu tunaoana sijafula hata moja. Umuulize mwenyewe."

Wakuu, Papa Ramazani ana miaka hamsini na kitu, ana tumbo la heshima, watu wanapeleka ugomvi wao kwake asuluhishe. Na kumbe anafua mwenyewe, ndani ya ukuta wake, miaka yote, na sifa anapewa mkewe.

Ijumaa alipotoka kwenye swala akaja kwetu. Amevaa kanzu hiyohiyo. Akasimama mbali na beseni zangu kama daktari aliyeona kidonda kibaya.

"Maji ulitoa wapi?"

Nikamwonyesha pipa. Akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Njo ile. Javel inashika kutu ya maji, inaipikia mu nguo. Ukiongeza javel, unaongeza tu mupishi."

Wakuu, miaka mingapi nauza boliti zilizoota kutu, na mtu wa maharage ndiye ananieleza kutu.

Akakunja mikono ya kanzu, na hapo nikajua ni fundi kweli, kwa sababu hakuna aliyemwambia avue na hakuna tone lililomrukia.

Kwanza alinisuuzisha majoho yote kwa maji safi ya bomba, ambayo yalikuwa yamerudi, kwenye ndoo za plastiki, mara tano, mpaka akanusa kila moja akasema javel imeisha. Bila hiyo, alisema, asingeruhusu ndimu ifike karibu. Kisha tukakamua ndimu kwenye beseni jingine jipya kabisa, maji ya vuguvugu, chumvi ya kutosha. Tukachovya, tukatandaza kwenye majani uani, tukaacha jua lifanye kazi. Yakianza kukauka, tunanyunyizia tena.

Na kweli, baada ya muda nikaona mchirizi mmoja wa chungwa unafifia. Nilipiga kelele kama goli limeingia.

Kelele hizo ndizo zilizomkaribisha Mama Présidente.

Alikuwa anapita kuja kuhesabu majoho, sijui aliambiwa au ni moyo wake tu. Geti lilikuwa wazi. Akaingia, akakuta uani kumetandazwa majoho kumi na moja ya rangi ya chai, katikati yao amesimama Papa Ramazani na kanzu yake nyeupe, na mimi nimeshika ndimu.

Kilichonijia kwanza mdomoni ni uongo. Ulikuwa tayari: ni vumbi, ni mwanga, ndiyo hatua ya kwanza ya ufuaji wa kisasa. Lakini nilikuwa nimechoka, na ule uongo wa Alhamisi ulikuwa bado haujashuka tumboni.

Nikamwambia, "Mama Présidente, nimeyaharibu mimi. Mke wangu hayupo na hajui. Usimlaumu yeye, nilimlazimisha aniachie."

Akapita katikati ya majoho moja moja, akainua moja lile kubwa kuliko yote, ambalo ni lake. Akalitazama kifuani, akalitazama mgongoni.

Papa Ramazani akajaribu kumweleza habari ya ndimu na chumvi. Akamkata, "Ndimu ni ya samaki, Papa."

Halafu akanigeukia. "Yangu minafula miye mwenyewe, na javel, vile mama yangu alinifundisha. Ile kumi ingine, ni ya weye. Jumapili nitaangalia."

Papa Ramazani akafungua mdomo amwambie asitie javel tena. Mama Présidente alikuwa ameshafika getini, joho lake mkononi.

Tukaendelea. Jioni ile tukasuuza ndimu yote, tukafua kwa sabuni ya kipande, kola na kwapa kwa vidole, siyo kwa brashi. Mwisho kabisa akanifundisha bulu, yale madonge ya buluu ya kufulia. Alifunga donge moja kwenye kitambaa, akalitikisa kwenye maji mpaka maji yakawa buluu hafifu sana, kidogo tu. Joho linaingia, linageuzwageuzwa, linatoka. Ukiliacha litulie linatoka na mabaka. Jumamosi asubuhi tukayaanika ndani nje, upande wa nyuma mbali na barabara, kila moja na nafasi yake.

Ilipofika saa sita, wakuu, nilisimama mbele ya kamba ile nikayahesabu mara mbili. Kumi, yote meupe. Siyo meupe ya kutosha, yaani meupe kuliko yalivyotoka kwa fundi.

Mke wangu alifika saa nane. Nilimfuata mwenyewe pale taxi-bus zinaposimama, nikampokea mtoto na mfuko. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kunyamaza. Majoho yalikuwa meupe, ushahidi umeanikwa, nani angejua?

Nikamwambia palepale, kabla hatujaanza kutembea. Pipa, javel, ile "iko fresh", ndimu, Mama Présidente, yote. Nilikuwa namwangalia Plamedi, siyo yeye.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Minajua."

"Unajua?"

"Mama Zaina alinipigia Alhamisi. Kabla hata hujamaliza kukohoa."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangojea. Nione kama utaniambia weye, ao nitakuja kuikuta mu mudomo ya bantu."

Tukatembea. Kwenye kona ya kwetu akaanza kucheka peke yake. Akaniomba nirudie ile sehemu ya kuinama kwenye beseni.

Jumapili nikaenda kanisani, mimi ambaye huwa naenda kwa mialiko. Nikakaa nyuma. Wageni wamejaa. Kwaya yetu ikaitwa.

Wakaingia akina mama kumi wanang'aa, mtu wa mbele yangu akasema "Ee Mungu." Mke wangu katikati yao, kidevu juu.

Halafu akaingia Mama Présidente, mwenye kuongoza, akasimama mbele ya wote.

Joho lake lilikuwa rangi ya chai. Siyo ile ya Alhamisi. Hii ilikuwa imechemka. Bila shaka alikuwa ameliongezea javel na maji ya pipa lake mwenyewe, kama mimi, kwa imani ileile.

Mimi nikashusha kichwa. Yeye akainua mikono kama mtu aliyevaa vile kwa makusudi, na wakaimba. Waliimba vizuri, wakuu, siwezi kuelezea.

Baada ya ibada wageni wakamzunguka. Mama mmoja wa Kolwezi akashika ule mkono mpana wa joho, akauliza kitambaa kile cha krimu wamekipata wapi, na je, ni rangi ya kiongozi peke yake?

Mama Présidente hakupepesa jicho.

"Ndiyo," akasema. "Ni ya mwenye kuongoza."

Mke wangu alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Angeweza kusema neno moja tu, na mbele ya wageni. Baada ya yale yote yaliyosemwa juu yake na mpaka, nadhani hata mimi ningemwelewa. Akasogea, akamnyooshea Mama Présidente kola vizuri, akasema, "Njo inamupendeza, hapana?" Wageni wakakubali.

Mama Présidente alimtazama mke wangu kwa muda mrefu kidogo.

Jumanne, mke wangu yuko sokoni, nikasikia hodi. Ni Mama Présidente, peke yake, ana mfuko wa plastiki. Akauweka juu ya kigoda. Akaangalia kama kuna mtu ukutani.

"Papa Plamedi," akasema. "Fula."

Akaondoka.

Basi wakuu, nilichojifunza. Msitumie maji ya chombo chenye kutu na javel kwa nguo nyeupe, na ikishatokea msiongeze javel. Javel na ndimu, au javel na siki, visikutane kamwe, mimi nimebahatika kuwa na jirani mwenye sauti kubwa. Na ile kauli ya "kufua nayo ni kazi", kama unayo mdomoni, iteme leo.

Siku hizi majoho ya kwaya nafua mimi. Kumi na moja, kila baada ya ibada mbili, na Papa Ramazani anapita kukagua akidai anatafuta maharage yake. Lile la kiongozi lilikubali baada ya mizunguko mitatu, ila mwenyewe aliniomba nisilifikishe kwenye nyeupe kabisa. Anasema wageni wakirudi wataulizia.

Waliowahi kupitia haya na nguo za watu, karibuni mtoe ushuhuda. Na mwenye njia ya kutoa wino wa peni kwenye mfuko wa kanzu aje haraka, maana jana Papa Ramazani amenipa moja na kuniambia mkewe asijue.